Kisa cha fundi wa gomesi na ukurasa uliojaa makufuli

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mhusika. Jina lake, mtaa wake na jukwaa alilotumia nimeviacha, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili asijulikane. Alikubali kwa sababu sa hivi kuna mafundi, walimu, wapishi na wachoraji wengi wanaofungua kurasa za kulipiwa kwa Kiswahili, na wengi wanakwama palepale alipokwama yeye.

Hali ilivyokuwa

Tumwite Mama Fundi. Ni fundi wa nguo Kampala, ameshika cherehani miaka mingi, kazi zake kubwa ni gomesi, vazi rasmi la wanawake wa Uganda, na magauni ya kitenge. Kiswahili alikulia nacho, wazazi walikuwa wanafanya biashara mpakani, na kimemsaidia mno maana wateja wake siyo Waganda peke yao, kuna Wakongo, kuna Wakenya wanaovukia Busia na Malaba, kuna watu wa Bukoba na Mwanza wanaopitia Mutukula kuja kubeba vitambaa. Akaanza kurekodi video fupi za kukata na kushona, anaongea Kiswahili chepesi cha dukani, anaziweka TikTok na YouTube. Facebook hakuitegemea kwa sababu ilifungwa Uganda Januari 2021 kuelekea uchaguzi na wateja wake wengi hawataki kuhangaika na VPN, zile programu za kukwepa kizuizi.

Video zikapendwa, hasa za gomesi. Asiyejua gomesi anaona ni gauni pana tu, ila mwenye kazi anajua: kitambaa kinaweza kufika mita 6, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, na ile mikono iliyosimama mabegani ambayo ukikosea kuikata inalala na nguo yote inaonekana imechoka. Watu wakawa wanaomba vipimo kila siku, wanaomba paterni (michoro ya kukatia), wanapiga simu hadi usiku. Hapo mtoto wa kaka yake, kijana anayesoma kompyuta, akamwambia "Senga (shangazi), hii ni kazi, ilipiwe."

Kwanza kijana alijaribu kutengeneza tovuti yao wenyewe. Masomo yakawekwa humo yakiwa yametiwa ukungu, ukilipa unafunguliwa. Haikudumu. Ukungu wenyewe ulikuwa wa CSS, lugha ya kupamba kurasa za mtandao, yaani maandishi yote yalishafika kwenye simu ya msomaji, ila yamefunikwa tu, na mteja mmoja akabonyeza hali ya kusoma kwenye brauza yake akasoma somo zima bila hata kujua kwamba lilikuwa la kulipia. Wakaamua kuhamia jukwaa la uanachama la nje, ambako kilichofungwa kinabaki kwenye seva na hakitumwi kwa asiyelipa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na sitauzungumzia tena.

Kilichotokea

Majukwaa haya, Patreon lililoanza 2013, Ko-fi, Substack na mengine, yanafanana kwenye jambo moja: posti iliyofungwa haipotei machoni pa mgeni. Anaiona ipo. Anaona kichwa chake, tarehe, picha yenye ukungu au kijivu, alama ya kufuli, na kitufe cha kujiunga. Jukwaa linakula asilimia ya malipo, kwa iyo kila kufuli ni tangazo ambalo halijaligharimu kitu.

Mama Fundi akafungia kila kitu. Sababu yake ilikuwa na mantiki, alisema vya bure viko TikTok tayari, huku ni kwa wanaolipa. Masomo yakaingia moja moja yenye vichwa kama "Somo la 14 sehemu B" na "Mwendelezo wa jana". Bei ilikuwa dola 5 kwa mwezi, kama shilingi 18,000 za Uganda hivi. Wakajiunga ndugu, wateja wa zamani na wachache wa nje wanaomfahamu. Wageni kutoka TikTok walikuwa wanafika, kijana anawaona kwenye takwimu, wanafika na kuondoka. Wao wawili wakadhani tatizo ni bei.

Siku moja mteja akaja dukani kuchukua nguo akamwambia Mama, mbona kule kwako hakuna kitu? Mama akabisha, akasema kuna masomo kibao. Mteja akatoa simu akamwonyesha. Ilikuwa kufuli, chini yake kufuli, chini yake kufuli, picha zote ukungu wa rangi ya kitenge ambao huwezi kujua ni gauni au ni pazia, na vichwa vya masomo ambavyo mtu aliyeingia leo havimwambii chochote. Mama hakuwa amewahi kuona hivo. Kila akiingia anaingia kama mwenye ukurasa, na mwenye ukurasa anaona kila kitu kimefunguka, picha safi, masomo yamepangika. Ukurasa anaouona mgeni alikuwa hajawahi kuuona hata mara moja, na huo ndo ukurasa ulikuwa unauza au unafukuza.

Naomba hapa nisimame kidogo kwa sababu hili nimeliona kwa watu wengi. Fungua ukurasa wako kwa dirisha la siri la brauza, au chukua simu ya mtu ambaye hajawahi kukulipa, iliyo na bando la kawaida na skrini ndogo, uangalie. Usiangalie kwenye kompyuta ya ofisi.

Baada ya hapo kijana akaja na dawa yake, dawa ambayo ipo kila mahali mtandaoni: vichwa vya kuchokoza. "Siri ya mkono wa gomesi ambayo mafundi hawakwambii." "Kosa moja linaloharibu kitenge chako." Picha zikabaki na ukungu, sasa makusudi kabisa, ili mtu awe na hamu. Na ikafanya kazi! Wanachama waliongezeka waziwazi mwezi ule. Mwezi uliofuata wengi wa wale wapya wakajitoa, na mama mmoja wa Mwanza akatuma ujumbe wa sauti ambao Mama Fundi alinisikilizisha. Hakutukana. Alisema kwa upole tu kwamba amelipa, akafungua ile paterni, akakuta saizi zinaishia 14, na yeye anashonea wamama wa kanisani wenye miili yao, saizi 18 na 20. "Ungeniandikia tu pale nje, dada yangu, nisingelipa, na wala nisingekuchukia."

Mama Fundi akamrudishia hela siku ileile, akamwambia kijana kwamba mchezo wa siri umeisha.

Maamuzi na sababu zake

Walipoanza upya nilikuwa nao, na swali lililotuongoza lilikuwa lake mwenyewe, alilitoa kwenye biashara yake: muuza kitambaa wa Kiyembe, mtaa wa vitambaa hapa Kampala, anafunua jora, anakuacha ushike, upime upana kwa mkono, uangalie kama rangi inachuja, ila hakati mpaka ulipe. Sasa kwenye somo la kushona, kushika ni nini na kukata ni nini?

Tukakubaliana hivi. Kushika ni kila kitu kinachomwezesha mtu kujua kama hili somo linamfaa: nguo iliyokamilika mbele na nyuma, saizi zilizopo, mita za kitambaa, kama kuna bitana au zipu, karatasi ngapi za A4 za kuprinti, video ina dakika ngapi, na kiwango cha ujuzi kinachohitajika. Kukata ni vipimo vyenyewe, mistari ya paterni, na mikono ya Mama ikifanya kazi hatua kwa hatua. Cha kwanza chote kikae nje ya kufuli, cha pili kikae ndani.

Ukungu ukaondolewa kabisa kwenye picha za juu. Picha ya gauni lililokamilika ikiwekwa wazi haimpi mtu paterni, inampa sababu ya kuitaka. Hili linategemea kitu unachouza lakini. Mchoraji ambaye picha yenyewe ndo mali hawezi kuiweka yote nje, afadhali akate kona moja safi yenye undani aionyeshe kuliko kutia ukungu picha nzima, kwa sababu kona inaonyesha mkono wa mchoraji na ukungu hauonyeshi mkono wa mtu yeyote.

Halafu mistari ya kwanza. Majukwaa yanatofautiana hapa na lazima ujue la kwako linafanyaje. Substack inamwacha mwandishi achague mwenyewe ni wapi mstari wa malipo ukae ndani ya maandishi, juu yake bure, chini yake kulipia. Kwingine jukwaa linachukua maneno ya mwanzo lenyewe na kukata linapotaka, au linakupa kisanduku tofauti cha maelezo ya nje. La Mama Fundi lilikuwa linakata lenyewe, na masomo yake yote yalikuwa yanaanza na salamu, "Habari zenu wapendwa, natumaini mnaendelea vizuri, leo tena Mungu ametujalia", kwa iyo mgeni alikuwa anaona salamu na kufuli. Salamu zikahamia ndani. Nje ikaanza na saizi na mita.

Vichwa vikaandikwa upya vyote: "Gomesi ya bitana, saizi 10 hadi 20, paterni na video." Hii ilikuwa pia kwa ajili ya Google. Zamani Google ilikuwa na utaratibu wa kuyataka magazeti yenye malipo yamwachie msomaji bure makala za kwanza anazozifikia kupitia Google, ukaondolewa Oktoba 2017, na tangu hapo kila mchapishaji anaamua mwenyewe aonyeshe kiasi gani. Kwa mtu mdogo kama Mama maana yake ni rahisi: kilicho nyuma ya kufuli hakitafutiki, ni kichwa na mistari ya nje tu ndo vinavyopatikana mtu akiandika "jinsi ya kukata gomesi". Hakuna mtu duniani anatafuta "Somo la 14 sehemu B".

WhatsApp nayo. Linki ikitumwa kwenye grupu, WhatsApp inavuta kichwa, maelezo na picha ambavyo ukurasa umejitangaza navyo. Posti zake zilikuwa zinatoa kijivu chenye kufuli, yani mtu anasaidia kusambaza na kinachofika ni mlango uliofungwa. Tukaweka picha ya jalada kwa kila posti, tukajitumia linki wenyewe kwanza kabla ya kuitoa.

Kikaja kitu kigumu kuliko vyote, somo moja zima la bure. Siyo nusu. Mama alikuwa anaogopa na nilimwelewa, kwa sababu alitaka kutoa somo la kiuno la sketi ambalo kila mtu analijua, na mimi nikamsihi atoe mkono wa gomesi, kitu anachojulikana nacho. Tulibishana muda mrefu. Hoja iliyomshawishi ilikuwa kwamba somo jepesi la bure linamwambia mgeni kwamba na yaliyofungwa ni mepesi hivyohivyo. Akaufungua mkono wote, paterni na video, ukabandikwa juu kabisa.

Na bei. Kitufe kilisema jiunge, kwa Kiingereza, bila bei, ukibonyeza unakutana na dola na fomu ya kadi. Huku kwetu wengi wana mobile money na hawana kadi ya benki, na hata wanaojua kwamba unaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kwenye laini yako hawataanza kuhangaika katikati ya kununua. Tukaandika juu ya ukurasa kwa Kiswahili: bei kwa dola na kwa shilingi, inakatwa kila mwezi mpaka ujitoe, unajitoa hivi. Tukaongeza kwamba anayetaka paterni moja tu anaweza kuinunua dukani kwa mobile money akatumiwa PDF. Masharti ya jukwaa tuliyasoma kabla ya kuandika hilo, na nawe soma ya kwako. Tukaandika pia kwamba afadhali mtu ajiunge kupitia brauza kuliko kupitia programu ya aifoni, kwa sababu Apple inaweza kudai hadi asilimia 30 ya malipo ya ndani ya programu na bei inayoonekana kule inaweza kupanda kwa ajili hiyo.

Matokeo

Hapakuwa na mlipuko. Wanachama wapya kwa mwezi walikuwa wachache kuliko mwezi ule wa "siri", na kijana alisononeka kwa hilo. Tofauti ilikuwa kwamba walibaki. Malalamiko ya "nilidhani" yakakoma karibu yote. Maswali ya WhatsApp yakabadilika sura, badala ya "ndani kuna nini?" yakawa "ile ya saizi 16 nikitumia satini badala ya pamba itakubali?", na mtu anayeuliza hivo ameshaamua kununua, anataka tu kuhakikisha.

Wanaolipa kila mwezi ni Wakenya na watu walio nje, Uingereza na Uarabuni. Waliopo Uganda wananunua paterni moja moja kwa mobile money, na hilo linaleta hela ambayo ukurasa peke yake usingeileta.

Yaliyoharibika yapo. Mkono wa gomesi ulipofunguliwa bure, wanachama wa zamani waliokuwa wameulipia waliudhika, na walikuwa na haki. Walipaswa kuambiwa kabla, wakaambiwa baada. Mama aliwapa paterni ya ziada ya gauni la mtoto, baadhi wakaridhika, wengine wakaondoka na hawajarudi. Na PDF zinasambaa. Wameanza kuandika jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa, imepunguza, haijamaliza.

Uchambuzi

Mwanauchumi Kenneth Arrow aliandika mwaka 1962 kuhusu ugumu wa kuuza habari: mnunuzi hawezi kujua thamani yake mpaka aijue, na akishaijua ameshaipata bila kulipa. Huo ndo ugonjwa wa kila posti iliyofungwa. Mama Fundi mwanzoni aliuficha ugonjwa kwa kufunga kila kitu. Dawa ilikuja alipotenganisha habari mbili zilizokuwa zimefungwa pamoja, habari kuhusu somo na somo lenyewe. Ya kwanza unaweza kuitoa yote bila kupoteza senti.

Kuhusu vichwa vya kuchokoza, sitaki mtu aseme havifanyi kazi, maana vilifanya. George Loewenstein mwaka 1994 alieleza udadisi kama pengo kati ya unachokijua na unachotaka kukijua, na ukungu na neno "siri" vinalipanua pengo hilo haraka sana. Lakini udadisi unaisha dakika unapofungua. Uanachama unakatwa kila mwezi, kwa iyo unahitaji kitu kinachobaki baada ya kufungua, na mtu aliyeingia kwa udadisi akikuta ndani pana mkono mzuri wa fundi lakini siyo alichodhani, anahesabu kwamba amedanganywa, hata kama kazi ni nzuri. Ile kazi ya Mama ilikuwa nzuri muda wote. Paterni aliyoilalamikia mama wa Mwanza ni ileile inayouzwa leo na watu wanashukuru.

Nina hasira kidogo na jinsi ushauri wa mambo haya unavyotolewa, kwamba onyesha kidogo, wape hamu, kufuli nyingi ni dalili ya ukurasa wenye mali. Shilingi 18,000 kwa fundi anayeanza ni nyuzi, ni vifungo, ni nauli za wiki. Anayeitoa ana haki ya kujua ananunua nini kabla ya kuitoa, na anayeuza hapungukiwi kwa kumwambia. Majukwaa yanaweza kurahisisha hili, kwa mfano kwa kumwonyesha mwenye ukurasa sura ya mgeni kila anapochapisha, badala ya kusubiri mteja aje dukani na simu.

Hoja ya somo zima la bure sina uhakika itamfaa kila mtu. Ilimfaa Mama kwa sababu ana mengi nyuma yake. Mwenye masomo matatu tu akitoa moja zima ametoa theluthi ya duka, huyo aanze na maelezo na picha, somo la bure lisubiri.

Kitu ambacho hatukukitegemea kilitokana na ile orodha ya saizi. Ilipokaa nje, watu walioikuta inaishia 20 hawakuondoka kimya, walianza kuandika wanachokikosa: 22, 24, gomesi ya mama mjamzito, mkono mfupi wa mtu anayeishi kwenye joto la Dubai. Mama anaandika kila ombi kwenye daftari la dukani pamoja na namba ya mwombaji, na mwezi huu yuko kwenye 24.